Je, wajua kwa nini bingwa mpya wa ndondi hunyang'anywa mkanda mapema?

Mabondia wa Arusha wanaopandisha kilima cha Ilboru alfajiri wanajua jambo ambalo bondia Mwingereza Lennox Lewis alilipuuza mwaka 2001. Jiji lao liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Nimewahi kumwona kijana kutoka Tanga, fundi wa kuruka kamba, amesimama katikati ya kilima, mikono magotini, anatafuta pumzi, huku wenzake wenyeji wakimpita wanapiga soga. Mgeni akikaa wiki tatu au nne, mwili huzoea. Siku chache hazitoshi.

Lewis alikwenda kutetea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu Brakpan, karibu na Johannesburg, mahali palipo juu kuliko Arusha. Mpinzani wake, Hasim Rahman, alitangulia akaizoea hewa. Lewis alichelewa, maana alikuwa Las Vegas akiigiza filamu. Aprili 22, raundi ya tano, ngumi ya kulia ikamlaza chini. Lakini Novemba 17 mwaka huohuo walirudiana, na Lewis akamlaza Rahman raundi ya nne. Mkanda haukukaa kwa Rahman hata miezi saba.

Vijiweni utasikia kwamba mtu wa namna hiyo alibahatisha. Sikubali. Sababu kubwa iko kwenye mkataba. Bingwa mwenye jina akisaini pambano, huweka kifungu cha marudiano: akipigwa, ana haki ya kurudi ulingoni na aliyempiga. Rahman alipotaka kupigana na mtu mwingine kwanza, Lewis alikwenda mahakamani Marekani na akashinda. Kwa hiyo bingwa mpya hana nafasi ya kuanza na mpinzani mwepesi. Anayemsubiri ni yuleyule wa jana, safari hii hamdharau tena.

Andy Ruiz yalimkuta hayohayo. Juni 1, 2019, akiwa ameitwa kuziba pengo la bondia mwingine, alimwangusha bingwa Anthony Joshua mara nne mjini New York na kuchukua mikanda yake. Desemba 7 wakarudiana Saudi Arabia, Ruiz akapoteza kwa pointi. Alipanda ulingoni na kilo 128, saba zaidi ya zile za New York, na mwenyewe alikiri kuwa starehe zilimponza.

Uzito ndio uliomwangusha pia Buster Douglas. Februari 1990 alimpiga Mike Tyson jijini Tokyo akiwa na kilo 105. Oktoba, mbele ya Evander Holyfield, alikuwa na karibu 112, akaishia raundi ya tatu.

Aliyekaa na mkanda muda mfupi kuliko hao wote ni bondia Mmarekani Tony Canzoneri, wa uzito mdogo kuliko wao, mwaka 1933: siku 33 tu, kuanzia Mei 21 hadi Juni 23.

Kocha mmoja wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, ana mzani wa zamani, sindano yake imepinda kidogo. Kila Jumatatu baada ya pambano humpandisha bondia wake juu yake, awe ameshinda au amepigwa. Yule kijana wa Tanga aliposhinda pambano lake la kwanza Arusha, mzani ulionyesha kilo tatu zaidi. Kocha hakusema neno. Jumanne alfajiri kijana alikuwa anapandisha Ilboru.