Je, wajua kwa nini stendi ya mikufu huegemea nyuma?

Katika Soko la Wamasai jijini Nairobi, ambalo huhama kutoka eneo moja hadi jingine kwa kufuata siku za juma, wauzaji wengi hutandaza vitambaa chini na kupanga juu yake mikufu, bangili na hereni za shanga, na mpita njia huona kila kitu vizuri ingawa hakuna stendi yoyote. Mikufu hiyo hiyo ikipelekwa kwenye maonesho ya kazi za mikono na kulazwa mezani, mvuto wake hupungua mara moja. Wengi hulaumu mwanga au rangi ya kitambaa, lakini chanzo kikubwa ni pembe ya macho ya mnunuzi.

Tumchukulie mtu ambaye macho yake yako sentimita 150 kutoka ardhini. Akiutazama mkufu uliolazwa chini, sentimita 75 mbele yake, mstari wa macho yake huteremka kwa takriban digrii 63, na mkufu humwonekania ukiwa na karibu asilimia 90 ya urefu wake halisi. Mkufu huo ukiwekwa juu ya meza yenye kimo cha sentimita 75, upande wa nyuma, ili uwe sentimita 130 kutoka kwa mtu aliyesimama hatua moja mbele ya meza, macho yake sasa yako sentimita 75 tu juu yake. Mstari wa kutazama huteremka kwa digrii 30 peke yake, na umbo hufupishwa hadi nusu. Pambo la shingoni la Kimasai, lile la duara pana linaloundwa kwa shanga na waya, hugeuka kuwa duaradufu nyembamba ambayo mistari yake ya rangi imebanana, na ustadi wa siku nyingi hupotea machoni pa mtu ambaye angeweza kuulipia.

Dawa yake ni kuuinua mkufu hadi uelekeane na macho. Hesabu ni nyepesi: mtazamaji anayetazama kwa mteremko wa digrii 30 huliona umbo lote iwapo ubao umeinuliwa digrii 60 kutoka mezani, yaani umeegemea nyuma digrii 30 kutoka wima. Akikaribia hadi sentimita 75, mteremko wa macho yake huongezeka hadi digrii 45, lakini hata hapo ubao ule ule humpotezea asilimia tatu au nne tu ya umbo. Kwa hiyo ni busara kuupima ubao kwa jicho la aliye mbali, kwa kuwa aliyekwisha kuinama mezani hahitaji tena kuitwa. Pete na hereni ndogo ni jambo jingine, kwani huteleza kwenye mwinuko huo; hizo zinafaa kukaa mbele ya meza, pete zikiwa kwenye koni fupi za mbao au katika mikunjo ya kitambaa kilichobanwa, na hereni zikiwa zimening'inizwa kwenye kijiti cha mlalo.

Namna nyepesi ya kuutengeneza ubao huo ni kuchukua vipande viwili vya mbao nyembamba, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 40, na kuviunga juu kwa bawaba mbili ili visimame kama pembetatu na kukunjika wakati wa kuondoka. Kamba fupi hufungwa kati ya vipande hivyo karibu na chini, ili visiachane kupita kiasi. Kwenye ukingo wa juu hukatwa pengo dogo kwa msumeno kwa kila mkufu, na kifungo cha mkufu hutupwa nyuma ya ubao kisionekane. Njia hii ni bora kuliko misumari, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani hukifanya chuma kishike kutu upesi na kutu hiyo huhamia kwenye uzi.

Ubao unaosimama, hata hivyo, umekuwa pia tanga. Maonesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam hufanyika karibu na tarehe 7 Julai, katikati ya majira ya kusi, na muuzaji aliyepewa nafasi nje au kwenye hema lililo wazi hukutana na upepo huo moja kwa moja. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne, na ndiyo maana stendi iliyotulia asubuhi nzima inaweza kulala kwa dharuba moja. Kitu chochote hupinduka pale mstari wa wima kutoka kwenye kitovu cha uzito wake unapotoka nje ya kitako, hivyo kuna mambo mawili ya kufanya, kupanua kitako na kushusha uzito. Chupa ya nusu lita iliyojazwa mchanga mkavu huwa na uzito wa karibu gramu 800, na ikilazwa ndani ya pembetatu juu ya ile kamba, hufanya kazi hiyo bila gharama. Wengine huacha ubao mzima na kutumia fremu yenye fito za mlalo ili upepo upite katikati, na kwa mikufu mizito ya shanga naona hilo ndilo bora zaidi.

Lililo gumu zaidi, na ambalo mafundi wengi hawalifikirii kabisa, ni kwamba stendi yenyewe inaweza kuharibu pambo. Fedha huwa nyeusi inapokutana na gesi zenye salfa, hasa hidrojeni salfaidi, kwa kuwa juu yake hujitengeneza tabaka la salfaidi ya fedha. Sufu ina salfa katika protini zake, na mpira hukomazwa kiwandani kwa salfa. Mtu anayefunika ubao kwa felti ya sufu na kubandika mpira chini ili usiteleze huwa ameiweka bidhaa yake karibu kabisa na kile kinachoichafua. Mbao nazo hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, ile iliyomo ndani ya siki, na mbao za unga uliogandishwa kwa gundi huongeza fomaldehaidi. Mvuke wa asidi hula kauri (simbi za baharini), makombe na lulu, ambazo zimeundwa kwa chokaa. Anayeuza shanga za kioo peke yake ana haki ya kutojali, lakini mfua fedha wa Lamu hana.

Majumba ya makumbusho yalilitambua tatizo hili zamani. Mwaka 1973, Andrew Oddy wa British Museum jijini London alieleza jaribio ambalo hadi leo huitwa kwa jina lake: kipande cha kitambaa, mbao au gundi hufungiwa ndani ya chombo pamoja na maji kidogo na vipande safi vya metali, ambavyo kwa kawaida ni fedha, risasi na shaba nyekundu, kisha chombo huwekwa kwenye nyuzi joto 60 kwa siku 28, na metali hukaguliwa kama zimebadilika. Fundi hana maabara, lakini anaweza kuchagua kwa kufuata mantiki ile ile. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kama marekani, kikifuliwa vizuri na kukaushwa, ni salama kuliko felti. Gundi iache ikauke kwa siku kadhaa mahali penye hewa kabla ya kufunika ubao, na silikoni inayonuka siki isitumike kabisa, kwa kuwa harufu hiyo ni asidi yenyewe.

Kwenye meza ya maonesho mvuke hupeperushwa na upepo, na saa chache hazidhuru kitu. Madhara hutokea baadaye, ndani ya sanduku lililofungwa, iwapo mikufu imeachwa juu ya stendi zilizokunjwa kusubiri maonesho yajayo. Mvuke hukusanyika, unyevunyevu wa pwani huongezeka, na miezi miwili inatosha kuibadilisha rangi fedha iliyong'arishwa. Kwa hiyo stendi husafiri katika sanduku lake, na vito vya fedha katika mifuko yake ya plastiki iliyofungwa barabara.