Nyenzo laini zinazopitisha umeme juu ya ngozi: dhana potofu na ukweli

Aliyewahi kupimwa umeme wa moyo hospitalini anavikumbuka vile vibandiko vyenye kitufe cha chuma juu na jeli ya baridi chini, ambavyo hubandikwa kifuani na kubanduliwa baada ya dakika chache. Kwa dakika hizo vinatosha kabisa. Kazi inayowashughulisha watafiti wa nyenzo leo ni nyingine: kupata kitu kinachopitisha umeme, kinachonyumbuka pamoja na ngozi, na ambacho mtu anaweza kulala nacho, kuoga nacho na kulima nacho kwa wiki nzima bila kudhurika. Vifaa vya namna hii vimeshaanza kuuzwa, na vingi vinatufikia vikiwa vimetengenezwa na kupimwa kwingine. Ndiyo maana naona ni muhimu kuyasahihisha mawazo kadhaa ambayo huyasikia hata kwa watu waliosoma sayansi.

Dhana: kitu kinachopitisha umeme kikikaa mwilini muda mrefu kitampiga mtu shoti

Hofu hii inaeleweka, lakini haina msingi. Elektrodi ya kupimia moyo, yaani kile kibandiko cha kifuani, haipeleki umeme mwilini bali inaupokea, na umeme wa moyo ukifika juu ya ngozi huwa kiasi cha milivolti 1, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya nguvu ya betri ya tochi. Kwa vifaa vya hospitali vinavyogusa mwili kwa nje, kanuni ya kimataifa ya IEC 60601 huruhusu mkondo wa kuvuja usiozidi mikroampia 100 wakati kifaa kinafanya kazi kama kawaida, ilhali mtu huanza kuuhisi umeme wa nyaya za nyumbani ukikaribia mikroampia 1,000. Kinachostahili kuogopwa juu ya ngozi ni kemia, na hapo ndipo sehemu kubwa ya makala haya itakapokaa.

Dhana: nyenzo bora ni ile inayopitisha umeme kuliko zote

Kizuizi kikubwa hakiko kwenye nyenzo bali kwenye ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu kabisa, ambalo sehemu nyingi za mwili lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu, limejengwa kwa seli zilizokufa na kukauka, nalo hukinza umeme kuliko waya wowote utakaouweka juu yake. Jeli ya hospitali inafanya kazi kwa sababu inalilowesha tabaka hilo na kuijaza mifereji midogo ya ngozi, lakini baada ya saa nyingi jeli hukauka na kipimo huanza kuyumba. Nyenzo laini inayoingia ndani ya mifereji hiyo bila jeli inaweza kutoa kipimo kizuri kuliko bamba la shaba, hata kama shaba ndiyo inayopitisha umeme kwa wepesi zaidi.

Tena, kunyumbuka na kuvutika si jambo moja. Karatasi inanyumbuka lakini haivutiki; ngozi ya kiwiko au ya goti huvutika kwa takriban asilimia 30 mtu anapokunja kiungo. Hata nyenzo inayovutika bila kukatika haibaki vilevile, kwa sababu ukivuta utepe hadi urefu wake uwe mara mbili, eneo la mkato wake hupungua kwa nusu, na ukinzani wake hupanda mara nne kwa hesabu ya umbo peke yake, kabla hujahesabu nyufa zozote. Mtu akiuvuta utepe wa mpira wenye kaboni huku ameushika kwa ncha za kipimo cha umeme, ataziona namba zikipanda mbele ya macho yake na kushuka polepole anapouachia.

Dhana: metali ni ngumu, kwa hiyo nyenzo laini lazima iwe ya plastiki

Ugumu wa kukunjika hutegemea unene kuliko watu wanavyodhani: ukipunguza unene kwa nusu, ugumu huo hushuka hadi sehemu moja ya nane. Dhahabu iliyofanywa kuwa nyembamba mno hulala juu ya ngozi kama utando. Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na John Rogers katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilionyesha saketi nzima iliyobandikwa kwenye ngozi mithili ya tatoo ya maji, huku nyaya zake zikiwa zimepindwapindwa kama nyoka ili zivutike. Mwaka 2017 kundi la Takao Someya katika Chuo Kikuu cha Tokyo lilitengeneza wavu wa nyuzi nyembamba mno za dhahabu zilizolazwa juu ya polima (kitu chenye molekuli ndefu kama mnyororo, kama plastiki) inayoyeyuka katika maji. Ukiulowesha, polima inaondoka na dhahabu inabaki imeshikana na ngozi, ikiwa na matundu ya kupitisha hewa na jasho.

Polima nazo zina sifa yao. Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha mwaka 1977 kwamba poliasetilini ikichanganywa na iodini hupitisha umeme, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Hata hivyo, polima haiwi laini kwa sababu tu ni polima. PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme ambayo leo hutumika katika maabara nyingi, ikikauka ikiwa peke yake hupasuka ikivutwa kwa asilimia chache tu, na ni lazima ichanganywe na kitu cha kuilainisha.

Nayo metali ya maji inayotumika katika vifaa hivi si zebaki bali galiamu. Galiamu huyeyuka katika nyuzi 29.76 za Selsiasi, na ikichanganywa na metali nyingine, indiamu, kiasi cha robo ya uzito wa mchanganyiko, huyeyuka karibu na nyuzi 15, hivyo Dar es Salaam au Mombasa haina mwezi wa kuganda. Haitoi mvuke wenye sumu kama zebaki. Hata hivyo hufungiwa ndani ya mpira wa silikoni, na huwekwa mbali na alumini, kwa kuwa huipenya na kuifanya ivunjike kama biskuti.

Dhana: dhahabu na fedha ni salama, maana tunazivaa kila siku

Wengi wanamjua mtu ambaye masikio yake hutoa maji akivaa hereni za bei rahisi. Mara nyingi mkosaji ni nikeli iliyofichwa chini ya rangi ya dhahabu: jasho huiyeyusha kidogo kidogo, nayo ikaingia kwenye ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu, ambacho ni mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Na madini ya fedha yaliyotengenezwa kuwa nyuzi nyembamba mara elfu kuliko unywele hayana tabia sawa na bangili, kwa sababu eneo lao la nje ni kubwa mno kulinganisha na uzito wao, na ioni (chembe zenye chaji ya umeme) zinazotoka, ambazo huua bakteria, zikizidi hudhuru seli za mtu pia. Ndiyo sababu watafiti wengine wameziviringishia nyuzi hizo ganda la dhahabu.

Dhana: kama haikuwasha siku ya kwanza, ni salama

Hapa pwani yetu ina somo ambalo halihitaji maabara. Hina ya majani kwa kawaida haina shida, lakini piko nyeusi mara nyingi huwa na kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD. Mwanamke hupakwa maua mkononi kwa ajili ya arusi na asione chochote. Arusi ya pili pia, salama. Mara ya tatu, baada ya siku moja au mbili, ua linavimba, malengelenge yanatokea mstari kwa mstari kwa kufuata mchoro uleule, na mtu anashangaa, kwani piko ni ileile. Piko haikubadilika, mwili wake ndio uliokuwa umejifunza kuitambua kemikali hiyo, na mzio wa namna hii ukishajengeka kwa kawaida hauondoki.

Jambo hilohilo limetokea kwa vifaa vya kupimia sukari vinavyobandikwa mkononi. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi barani Ulaya walieleza jinsi kemikali iitwayo isobonili akrileti ilivyokuwa ikitoka kwenye gundi iliyounganisha sehemu za plastiki za kifaa na kufika kwenye ngozi, na mwaka 2020 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kikaitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Mkosaji hakuwa kile kinachopima, wala gundi inayogusa ngozi, bali gundi ya ndani. Vivyo hivyo, madhara ya polianilini, polima nyingine inayopitisha umeme, kwa seli yanatokana kwa sehemu kubwa na asidi na mabaki ya kemikali yasiyooshwa vizuri, na PEDOT:PSS ya dukani huwa na asidi yenye pH karibu 2 (namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), wakati ngozi yetu ni karibu 5.

Dhana: ikifaulu jaribio la seli, kazi imekwisha

Mfululizo wa kanuni za ISO 10993, za kimataifa za kupima usalama wa vifaa vya tiba vinavyogusa mwili, hutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya: sehemu ya 5 hupima kama seli zinakufa, sehemu ya 10 hupima mzio, na sehemu ya 23 hupima mwasho. Muda nao huhesabiwa: mguso wa hadi saa 24, wa kuzidi hapo hadi siku 30, na wa zaidi ya hapo. Nyenzo iliyopimwa kwa saa chache haijajibu swali la wiki. Wavu wa Tokyo ulivaliwa na watu 20 kwa wiki moja bila uvimbe, na huo ni ushahidi mzuri kwa muda huo.

Linalonisumbua zaidi ni namna matokeo yanavyosomwa. Vipimo vya mwasho kwa kiasi kikubwa hutoa alama kwa wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Sehemu iliyodhurika huwa ya kahawia iliyokolea au ya zambarau, na baada ya kupona huacha doa linaloweza kukaa miezi. Anayesubiri kuona wekundu ataandika sifuri. Kwa hiyo, anayejaribu kibandiko kwa watu wa kwetu, katika joto na unyevu wa kwetu, anapaswa kukibandua kwenye mwanga wa mchana, kuilinganisha rangi na ngozi ya pembeni, kupapasa kwa mgongo wa kidole kama kuna joto au uvimbe, kumuuliza mwenyewe kama aliwashwa usiku, kisha kurudia ukaguzi siku ya pili na ya tatu baada ya kukiondoa, kwa kuwa mzio huchelewa.