Mpiga dramu na klachi: mguu wa kushoto haujui kila kitu

Wengi huamini kwamba mpiga dramu atalimudu gari la gia za mkono siku ya kwanza, kwa kuwa miguu yake imezoea kufanya kazi mbili tofauti. Kweli imezoea, ila mguu wa kushoto umezoea kinyume. Kwenye matoazi ya kanyagio, ukikanyaga yanafunga, ukiachia yanafunguka, na uzuri uko kwenye kuachia ghafla. Klachi, yaani kanyagio la kushoto la gari linalotenganisha injini na magurudumu, iachie hivyo uone: gari litaruka na kuzima.

Dawa ni zoezi moja. Tafuta uwanja tambarare, washa injini, weka gia ya kwanza, usiguse mafuta. Kisigino kikiwa sakafuni, inua klachi taratibu mpaka mlio wa injini ushuke na gari lianze kusukuma. Tulia hapo sekunde mbili hivi, kanyaga tena, rudia mara kumi. Usikae hapo muda mrefu. Sahani ya klachi inasuguliwa, na harufu yake utaijua.

Wanamuziki wana faida moja ya kweli, nayo ni sikio. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hulipuka mara 100 kwa sekunde. Kwa 2,000, kama mara 67. Milipuko hiyo ndiyo sauti unayoisikia, na umbali kati ya sauti hizo mbili ni ule wa kushuka kutoka noti ya sol hadi do. Katika magari mengi, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu mlio hushuka karibu hivyo. Asiyetazama dashibodi anaweza kuusikia.