Maji yatoke kabla hayajakauka: kwa anayeanza kazi ya kusafisha vioo

Kijana mmoja alinipigia wiki iliyopita kutoka Kinyerezi, hapa Dar es Salaam. Kapata nyumba ya ghorofa moja, madirisha yote ya aluminiamu, mwenye nyumba anataka vioo ving'ae kabla ya shughuli ya Jumapili. Kanunua dawa ya vioo ya kupuliza chupa sita, magazeti ya zamani na taulo mbili. Mikono inamuuma, lakini kila akimaliza kioo, jua likipiga kinaonekana kama kimepakwa mafuta.

Nikamuuliza, "Maji unayatoaje kwenye kioo?"

Akakaa kimya kidogo. "Nafuta tu, kaka, mpaka kikauke."

Karibu kila anayeanza anakwama hapohapo, na nimeamua kuliandika jambo hili kwa kirefu maana simu za namna hii napata nyingi. Uchafu ukishalainika unakuwa umehamia kwenye maji. Ukifuta kwa kitambaa hadi kioo kikauke, maji mengine yananyonywa na kitambaa, mengine yanakaukia palepale na uchafu wake. Yale mawingu unayoyaona jua likipiga ni uchafu uleule wa mwanzo, safari hii umetandazwa kioo kizima. Gazeti nalo linanyonya maji, ila linaacha wino kwenye fremu nyeupe, na wino huo utausugua mpaka jioni. Kazi yetu ni kuyatoa maji yote kwenye kioo yakiwa bado maji.

Kifaa cha kufanya hivyo ni skwiji: mkono mfupi, kichwa cha chuma kilicholala kama herufi T, na mpira mwembamba unaopita juu ya kioo kama waipa ya gari. Umbo lake la leo tumelipata kwa Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia Marekani akawa anasafisha vioo Oakland, California. Alipata hataza yake mwaka 1936. Aliachana na vifaa vizito vya chuma vya wakati ule, akatengeneza chepesi cha shaba nyeupe chenye ukanda mmoja tu wa mpira wenye ncha kali. Hadi leo siri yote imo kwenye ncha hiyo. Chuma kinaweza kudumu miaka, lakini mpira ukishapoteza ukali wake, hata fundi wa miaka ishirini ataacha mistari.

Kwa hiyo jifunze kuuangalia mpira. Upitishe kidole taratibu: ncha iwe na kona, isiwe ya mviringo. Ukikuta sehemu imemeguka hata kwa ukubwa wa chembe ya mchele, kila ukivuta utaona mstari mmoja wa maji mahali palepale. Wengine wakiona mstari huo wanaongeza sabuni au wanakandamiza zaidi. Wewe chomoa mpira, ugeuze upande wa pili. Ukiisha pande zote, nunua mwingine. Wakati wa kuurudisha, uache utokeze milimita mbili au tatu kila upande wa chuma, ili chuma chenyewe kisiguse kioo wala fremu. Na usiulaze kwenye ndoo umebanwa na vitu vingine, utapinda.

Anza na skwiji ya inchi 14. Inatosha kwenye madirisha mengi ya kusukuma ya nyumba zetu na haichoshi kiganja. Ongeza ndoo, fimbo iliyovikwa manyoya ya kulowanishia, brashi laini, vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua sita, na sabuni ya kuoshea vyombo. Kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10 kinatosha. Kazi ya sabuni ni kuufanya mpira uteleze na kuinua mafuta ya vidole. Ukizidisha, inabaki kwenye kioo kama utando, na vumbi la barabarani linaganda juu yake ndani ya siku mbili.

Sasa kioo chenyewe. Kabla ya maji, pitisha brashi kavu. Hapa Dar es Salaam kipindi cha kiangazi kioo cha nje kinabeba mchanga laini kabisa, na ukiulowanisha kisha ukausugua, umepiga msasa kioo cha watu. Toa nyavu za mbu uzioshe pembeni, zikauke wakati unaendelea na kazi. Safisha reli za dirisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu, kisha kitambaa chenye unyevu. Humo kwenye reli kuna vitundu vidogo vya kutolea maji nje. Vikizibwa na mchanga, mvua ya masika inajaa kwenye reli na kumwagikia ndani, na mwenye nyumba anamlaumu fundi wa aluminiamu. Ukivizibua na ukamwonyesha, atakukumbuka.

Lowanisha kioo chote hadi kwenye kona. Kisha, kwa kitambaa kikavu, kausha ukanda wa upana wa kidole kwenye ukingo wa juu. Skwiji lazima ianzie pakavu; ikianzia kwenye maji itayaburuta yakarudi nyuma yako. Ilaze kidogo, kama unavyolaza kisu ukipaka siagi kwenye mkate, vuta kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kusimama, kisha futa mpira kwa kitambaa. Mvuto unaofuata ulalie ule wa kwanza kwa sentimita kama tano. Mkono uwe mwepesi. Utajua kwa kusikiliza: mpira unaokwenda vizuri haupigi kelele. Ukilia kama mlango mbovu, kioo kimeshakauka au umekandamiza.

Ukifika chini, chukua kitambaa kikavu kabisa, tofauti na kile cha kufutia mpira, kivike kwenye kidole na upite mara moja kando ya fremu. Mara moja. Ukikuta mstari umebaki katikati ya kioo, usiufute kwa kitambaa. Najua mkono unawasha. Lowanisha kioo tena, uvute upya; ni sekunde chache na kinatoka safi, wakati kukifuta kutakurudisha kule kwa kijana wa Kinyerezi.

Luva ni habari nyingine. Vile vipande vya inchi nne au sita havihitaji skwiji. Chomoa kimoja kimoja kama vibanio havijaliwa na kutu, osha kwenye beseni lililotandikwa taulo chini, kausha, rudisha. Vibanio vikiwa na kutu usilazimishe. Fanyia palepale kwa vitambaa viwili na uangalie vidole, maana kingo za baadhi ya luva za zamani hazikusuguliwa.

Wanaofanya kazi Masaki, Oysterbay au Mbezi Beach wana adui mwingine: chumvi. Upepo wa kusi ukivuma, kioo kinachotazama bahari kinapata utando mweupe ndani ya wiki. Chumvi inayeyuka kwenye maji, basi suuza kwanza kwa maji matupu bila kugusa kwa kitambaa, ndipo uanze kazi ya kawaida. Lakini uliza maji yanatoka wapi. Visima vingi vya jiji hili vina maji ya chumvi chumvi, na ukisuuza nayo ukaacha yakauke, umerudisha madoa uliyoyatoa. Kipimo changu ni rahisi: nadondosha tone moja kwenye kioo kilicho safi, naliacha likauke. Likiacha duara jeupe, maji hayo ni ya kuoshea fremu tu, na ya kioo nabeba kwenye madumu.

Madoa meupe ya zamani, yale yaliyokaa miezi chini ya bomba la bustani, jaribu siki nyeupe. Loweka kitambaa, kibandike dakika tano, suuza, rudia. Hakikisha siki haidondoki kwenye kizingiti cha marumaru, itakila. Usije ukashawishika na asidi ya kusafishia vyoo wala ya betri. Na ikiwa doa limekaa hadi limekila kioo chenyewe, hakuna sabuni itakayolitoa. Mwambie mteja ukweli kabla hujaanza, si baada ya kumaliza.

Hili la kusema kabla nimelilipia kwa fedha yangu. Mwaka wa pili wa kazi nilipewa nyumba mpya Kigamboni, mafundi wametoka juzi. Vioo vya baraza vilikuwa na matone ya saruji na rangi. Nikachukua skrepa yenye wembe mpya, nikalowanisha, nikakwangua kama nilivyozoea. Saa tano asubuhi kila kitu kilikuwa safi. Saa kumi jioni jua lilipolala upande ule, mwenye nyumba aliniita. Kioo kizima kilikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imefuata njia ya mkono wangu. Hakunipandishia sauti. Alisema tu, "Mwanangu, hiki kioo kilikuja kizima." Nililipa kioo kipya, na fedha ya kazi nzima ile haikutosha.

Baadaye ndipo nikaelewa. Kioo kilichoimarishwa kwa moto hupita tanuruni juu ya magurudumu, na vumbi la kioo linaweza kunata juu yake likawa kama chembe za msasa. Wembe unapopita unazing'oa na kuziburuta. Tafuta muhuri mdogo kwenye kona ya kioo; ukiuona, huenda ni cha namna hiyo. Kisha kilowanishe na upitishe ncha za vidole. Ukihisi vichembe vinakwaruza, wembe ukae kwenye begi. Saruji ilowekwe na ilainishwe kwa subira, na makubaliano ya maandishi yatangulie, na picha za kila kioo kabla hujakigusa. Hata kwenye kioo cha kawaida, skrepa husukumwa mbele tu, kioo kikiwa na maji tele. Usiirudishe nyuma ikiwa imegusa kioo, maana uchafu uliokaa chini ya wembe ndio unaokwaruza.

Tinti, ile karatasi nyembamba ya kutia kioo giza, nayo mara nyingi iko upande wa ndani. Isiguswe na wembe hata kidogo, wala dawa yenye amonia. Kama imebandikwa karibuni, iache mwezi mmoja hivi kabla ya kuipitishia maji.

Panga siku yako kwa jua. Vioo vya mashariki vifanye mchana, vya magharibi asubuhi mapema. Kwenye kioo cha moto maji ya sabuni yanakauka kabla mkono haujafika chini, na hakuna ufundi unaoshinda hilo.

Kuhusu urefu, nasema kwa uzito wote nilionao: ukiwa mwanzoni, fanya kazi miguu ikiwa chini, tumia fimbo ya kurefusha. Ngazi ikibidi, kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita moja, na mtu aishike. Kabla hujainua fimbo ya aluminiamu, tazama nyaya za umeme zinazoingia nyumbani. Kuning'inia kwa kamba kwenye maghorofa ya Posta ni taaluma nyingine yenye mafunzo yake, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde. Bosi akikuambia upande bila mkanda kwa sababu "ni dakika mbili tu", kataa na uondoke. Nimewahi kuondoka, na kazi nyingine nilipata.

Bei sitakupangia, ila hesabu vipande vya kioo, usihesabu madirisha. Dirisha la kusukuma lenye vipande viwili lina nyuso nne za kufanya, na wavu, na reli. Grili ikiwa nje, muda unaongezeka mara mbili, maana skwiji haipiti katikati ya nondo na itabidi usogeze kioo kimoja kimoja ukifanyie kwa skwiji ndogo. Ukikubali bei kwa simu bila kuona nyumba, utafanya kazi ya siku mbili kwa malipo ya siku moja.

Yule kijana nilimwambia dawa zake za kupuliza azirudishe dukani kama watakubali, anunue skwiji moja na mipira miwili ya akiba. Jumamosi anakuja kwangu. Tutaanza saa moja asubuhi na kioo kimoja tu, cha mlango wa baraza unaotazama magharibi. Tutakilowanisha na kukivuta, tena na tena, mpaka jua lihamie upande ule.