Resti si ya wafupi

Wachezaji hodari wa puulu wanaokuja kwangu hapa Kampala kujifunza snuka huja na imani ileile: resti, ile fimbo yenye kichwa cha msalaba ya kuegemezea kyu (fimbo ya kupigia) pale mkono usipofika, ni ya wafupi na wasiojua. Najua inakotoka. Meza za puulu kwenye baa zetu nyingi ni za futi 7 hivi, ukijinyoosha kidogo unafika kila pembe. Meza ya snuka ni futi 12 kwa 6. Hata mrefu kuliko wote mtaani kwenu, kuna mipira hataifikia.

Basi mtu anaona haya kuichukua, anapanda mezani. Tumbo kwenye ukingo, mguu mmoja hewani, wa pili umebaki kwenye ncha ya kidole. Huo wa pili ukiinuka wakati wa kupiga ni faulo: pointi 4 kwa uchache, 7 kama ulikuwa unalenga mpira mweusi. Na hata usipoinuka, mwili unaoning'inia hauwezi kupeleka kyu sawasawa. Ndiyo maana mipira rahisi kabisa inakosa tundu.

"Mwalimu, mbona O'Sullivan anabadilisha mkono?" Ronnie O'Sullivan, bingwa wa dunia mara 7, anapiga kwa kushoto kwa sababu mkono huo ameufundisha. Wewe wako umeufundisha lini? Naye panapohitaji resti anaichukua.

Mwanafunzi akishakubali kutumia resti, anaishika vibaya: ngumi imefumba kyu, kiwiko kimening'inia, kitako cha resti kinacheza hewani. Kilaze kitako mezani, ukikandamize kwa kiganja. Kichwa cha resti kiwe shubiri moja hivi nyuma ya mpira mweupe. Kyu ishike kwa kidole gumba chini, cha shahada na cha kati juu. Kiwiko kitoke pembeni, kidevu kishuke, bega litulie. Vuta kidogo, sukuma moja kwa moja, usidonoe. Na jamani, msiinue kichwa kutazama tundu kabla ya kupiga!

Zoezi ninalompa kila mtu: mweupe kwenye alama ya mpira wa kahawia, piga kwa resti upite juu ya alama za mipira ya buluu, waridi na mweusi. Mweupe ukienda kando, usiilaumu meza. Rudia mpaka unyooke, ndipo tuzungumze habari za kuingiza mipira.

Eti kwa resti huwezi kumrudisha mweupe nyuma? Unaweza. Geuza msalaba wa resti utumie mfereji wake wa chini, piga chini ya katikati, kyu ikiwa imelala. Spini ya pembeni, yaani kumpiga mweupe upande ili azunguke, ndiyo ninayomkataza anayeanza.

Spaida, ile yenye kichwa kilichoinuliwa kwa miguu, nayo si resti ndefu. Kazi yake ni kuipitisha kyu juu ya mpira unaozuia.

Na wanaodhani resti ikigusa mpira haihesabiwi kwa kuwa si kyu, wajue inahesabiwa: ni faulo. Kwa hiyo ukimaliza kupiga, tazama kwanza mipira iliyo karibu, inua kichwa cha resti, halafu ndiyo uivute.