Kibumba si kambi: tunayoyasema vibaya kuhusu shamba la Goma

Siku moja hapa Goma, kwenye soko la Virunga, nilimuuliza mama mmoja mashu yake, yaani kabichi, yanatoka wapi. Akanijibu, "Kule kambini." Alimaanisha Kibumba. Hakuwa na ubaya wowote. Ndivyo alivyosikia wakubwa wakisema. Mimi neno lile lilinichoma, kwa sababu shangazi yangu ameolewa Kibumba, analima mashu, viazi na poaro (vitunguu vya majani) huko tangu nikiwa mdogo, na nimekula jasho lake miaka mingi. Kwa hiyo naomba niyaseme haya kwa wote wanaokula mboga za kule bila kuwahi kupanda hiyo barabara.

Kibumba iko kilomita kama 25 kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, katika wilaya ya Nyiragongo, eneo la kimila la Bukumu. Ukipita Kibati unaanza kuhisi baridi. Kushoto nyuma yako ni mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye mita 3,470. Mbele upande wa kulia, ukungu ukiondoka, utaona Mikeno wa mita 4,437 na Karisimbi wa mita 4,507. Mashamba yametandikwa katikati ya majitu hayo, na mpaka wa Rwanda uko karibu sana.

"Kibumba ni kambi ya wakimbizi"

Kambi ilikuwako, hilo sikatai. Julai 1994, watu karibu 850,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia upande wa Goma ndani ya siku chache, na takriban laki mbili kati yao walipelekwa Kibumba. Kipindupindu na kuhara damu viliwafyeka. Katika kambi zote za pembeni ya Goma, watu karibu 50,000 walikufa mwezi wa kwanza peke yake. Mwishoni mwa Oktoba 1996 kambi ya Kibumba ilishambuliwa, waliokuwamo wakakimbilia Mugunga, kambi nyingine ya pembeni ya Goma, na mahema yakaisha.

Hesabu mwenyewe: ni miaka miwili na miezi mitatu. Wenyeji walikuwa wakilima pale kabla yake na wamelima baada yake. Walioondoka waliacha vishimo vya vyoo, vipande vya turubai na msitu uliokatwa kuni. Wenye mashamba walirudi wakaanza kusafisha.

Kitu kinachosahaulika ni kwamba wenyeji wale wale baadaye wamekuwa wao ndio wakimbizi. Novemba 2012 mapigano yalipita kwao kuelekea Goma. Oktoba 2013 yakapita tena kurudi. Mwishoni mwa 2022 maelfu walishuka kwa miguu hadi Kanyarucinya, karibu na Goma, wakiwa na godoro kichwani. Shangazi alishuka na mbegu za viazi ndani ya kitenge. Godoro aliliacha.

"Mvua inanyesha kila mara, basi maji ni mengi"

Hapa ndipo watu wa mjini wanapokosea zaidi, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu asiyeelewa maji hawezi kuielewa Kibumba.

Mvua inanyesha kweli. Isipokuwa ule wakati mkavu wa Juni hadi Agosti, na ule mfupi wa mwanzo wa mwaka, ukungu na manyunyu ndiyo maisha. Lakini tembea Kibumba mzima ukitafuta mto unaopita, utachoka bure. Chini ya mashamba kuna mawe ya volkano, na mawe hayo yana nyufa na matundu kama sifongo. Mvua ikipiga, dakika chache baadaye uso wa ardhi hauna maji, yamezama. Yatatokea mbali huko chini. Goma nayo haina mto hata mmoja kwa sababu hiyo hiyo, ila sisi wa mjini tuna ziwa Kivu la kuchota.

Shangazi anasema kwa maneno manne: "Mvua iko, maji hamuna." Kwake utaona mfereji wa bati uliopindwa kwa mkono chini ya paa, umefungwa kwa waya, na mdomo wake unaelekea kwenye pipa lililofunikwa kitambaa. Pembeni zimepangwa bidoni za manjano za lita 20, kubwa mbele, ndogo nyuma. Mvua ikianza usiku, huamka. Si kwamba anaogopa bati kuvuja. Anaamka kubadilisha bidoni. Maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi la paa, anayamwaga au anawapa mbuzi. Yanayofuata ndiyo ya kupikia. Mwezi wa saba pipa likikauka, watoto wanatembea, au unanunua bidoni moja moja.

Sasa rudi 1994. Watu laki mbili waliwekwa juu ya sifongo hilo, mahali ambapo hata wenyeji wachache walikuwa wakihesabu bidoni. Maji yalibidi yapandishwe kwa magari. Ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba kuchimba choo au kaburi ilikuwa kazi ya kuvunja mwamba. Ukisikia mtu anasema Kibumba ni mahali penye laana, mwambie kipindupindu kilipata nafasi kwa sababu ya jiwe na kiu.

Na kuna jambo moja la ajabu kuhusu maji ya huku. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, ziwa Kivu lilikuwa linatoa maji yake kuelekea kaskazini, upande wa ziwa Edward na mto Nile. Volkano zilipoinuka zikaziba njia, kama mtu aliyejenga ukuta bondeni. Ziwa likajaa, likatafuta mlango mwingine, nalo sasa linatokea Bukavu kupitia Ruzizi hadi Tanganyika. Safu hii ya volkano ndiyo inayogawa maji ya Nile na maji ya Kongo, na wakulima wa Kibumba wako mgongoni mwake, wakisubiri bidoni zijae.

"Volkano ni mbolea, ukipanda chochote kinaota"

Nenda katazame mawe ya lava ya mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 yaliyobaki hapa Goma bila kujengwa. Zaidi ya miaka 20, na bado mahali pengine ni jiwe tupu lenye ukoga wa kijivu na kangaga mbili tatu. Lava mpya haimlishi mtu. Kinacholisha ni majivu ya zamani na jiwe lililooza polepole, likachanganyika na majani na samadi kwa muda mrefu kuliko maisha ya mtu.

Hata udongo huo mzuri una tabia yake. Udongo wa majivu hushika fosforasi kwa nguvu, kiasi kwamba mmea unaweza kuikosa ilhali imo humo humo ardhini. Ndiyo maana mkulima wa Kibumba hatupi ovyo mavi ya mbuzi. Na katika mashamba mengine udongo ni shibiri mbili tu: jembe linashuka, linalia kwenye jiwe. Jiwe linang'olewa, linapelekwa pembeni. Kuta nyeusi za mawe unazoziona zikizunguka mashamba hazikujengwa na fundi kwa mpango. Ni mawe yaliyotolewa moja moja kwa mikono, msimu kwa msimu.

"Mashu yanakuwa makubwa kwa sababu ya dawa"

Hapana. Mashu na viazi vinapenda baridi, na Kibumba iko juu kuliko Goma kwa mamia ya mita. Usiku wa baridi ndio unaofanya kabichi ijifunge vizuri, nzito. Dawa wanayopuliza, hasa kwenye viazi, ni ya kuzuia ugonjwa wa ukungu unaochoma majani wakati wa mvua nyingi. Haikuzi kitu. Ila nasema wazi: wapo wanaopuliza na kuvuna karibu karibu sana, bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye paketi, na hilo ni kosa linalotuhusu sote tunaokula. Osha mboga zako.

"Watu wa Kibumba wamevamia hifadhi"

Kuna wanaoingia hifadhi ya Virunga kuchoma makala, yaani mkaa, na Goma ndiyo inayoyanunua. Tusijitoe kwenye kesi. Lakini historia ina mpangilio wake. Hifadhi ilianzishwa 21 Aprili 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji, kwanza kuwalinda sokwe wa milima ya Mikeno na Karisimbi. Ikapanuliwa 1929, na tena 1935. Jina la Virunga lilikuja 1969. Maana yake, katika sehemu nyingi mstari wa hifadhi ulichorwa wakati wazee wa wazee walikuwa tayari wanalima na kuchunga, na hakuna aliyewaita mezani. Mkulima wa leo ana hifadhi pande zote mbili za barabara, mpaka wa nchi mashariki, na watoto wanaotaka kila mmoja kipande chake. Mimi naipenda hifadhi na nataka sokwe waishi. Siwezi kuipenda kwa kumwita shangazi yangu mvamizi.

Mpaka wa Rwanda nao ulikubaliwa mwaka 1910 huko Brussels, kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Ndugu walijikuta huku na kule bila kuhama.

"Nyiragongo ukilipuka, Kibumba ndiyo ya kwanza kuisha"

Katika milipuko ya 1977, 2002 na 2021, madhara makubwa yalikuwa kusini ya mlima, upande wetu. Tarehe 22 Mei 2021 lava iliteremka hadi Buhene, pembeni ya mji, na kuikata barabara ya Rutshuru. Sisi wa mjini tulikuwa tukikimbia, na mashu ya Kibumba yalikuwa yakioza upande wa pili wa jiwe la moto. Moshi wa mlima kwa kawaida hupeperushwa kuelekea magharibi, kwa hiyo hata mvua chungu, yenye asidi ya moshi huo, inawasumbua zaidi watu wa upande ule.

"Chukudu inashuka yenyewe"

Hili nalisikia kwa watoto wa mjini wakiona chukudu limejaa mashu likiteremka kwa kasi. Gari lile la mti la kusukuma, kama baiskeli isiyo na pedali, magurudumu yake mawili yamevikwa mpira wa tairi kuukuu, linaweza kubeba kilo mamia. Dereva anapiga goti juu ya kipande cha sandali kilichopigiliwa misumari, mguu mwingine uko tayari kwa breki, ambayo ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwenye gurudumu la nyuma. Akifika soko la Virunga mpira huo unanuka kuungua. Anauza, anakunywa chai, anapakia chumvi, sabuni na bidoni tupu. Kisha anageuza chukudu na kuanza kulisukuma kwa miguu, kilomita zote zile, kupanda.