OBE haina jina: kagua haya kabla ya kulipa

Medali nyingi za Waingereza za Vita vya Kwanza vya Dunia huchorwa jina la mwenyewe ukingoni. OBE (Officer of the Order of the British Empire) haina. Nishani hii ya umbo la msalaba, iliyoanzishwa na Mfalme George V mwezi Juni 1917, ilitolewa bila jina, na wajanja wanaipenda kwa sababu hiyohiyo.

Mimi huanza mgongoni. Kwenye nishani nyingi za mwanzo utakuta chapa ndogo za fedha: kichwa cha chui (imepimwa London), simba anayetembea (fedha ya asilimia 92.5) na herufi ya mwaka. Herufi b ni 1917, c ni 1918, d ni 1919, na mwaka wa herufi huanza Mei. Lakini herufi inaonyesha fedha ilipimwa lini, si nani alivishwa lini. Nishani ya c inaweza kuwa ilikaa kabatini kabla ya kutolewa.

Kisha ugeuze. Toleo la kwanza lina Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, ameketi katikati. Kuanzia 1937 nafasi yake ilichukuliwa na vichwa vya George V na Malkia Mary. Utepe nao ulibadilika mwaka huohuo, kutoka zambarau kuwa waridi wenye kingo za kijivu cha lulu. Britannia kwenye utepe wa waridi si lazima iwe ghushi, maana huenda utepe ulibadilishwa tu baadaye. Ila usilipe bei ya seti kamili.

Kuhusu utepe, mtego mkubwa uko hapa: msalaba wa kijeshi na wa kiraia ni uleule. Tofauti ni mstari mwembamba mwekundu katikati ya zambarau, ulioongezwa Desemba 1918 kwa ajili ya wanajeshi. Kipande kipya cha utepe kinatosha kumpandisha karani cheo cha meja, hivyo utepe pekee haunishawishi.

Mtego wa pili ni MBE (Member, ngazi iliyo chini ya OBE) iliyopakwa dhahabu. MBE ni fedha tupu, OBE ni fedha iliyopakwa dhahabu. Chukua lenzi ya sonara, tazama magoti ya Britannia na ncha za msalaba. Dhahabu ya zamani hulika hapo kwanza, ikabaki kwenye mabonde ya herufi. Ikiwa inang'aa sawasawa kila mahali, na mikwaruzo iko chini ya dhahabu badala ya kuikata, imepakwa juzi. Kwa sababu hiyo pia, usiisugue kwa dawa ya kung'arishia fedha. Utando wa dhahabu ni mwembamba na haurudi.

Muuzaji akikutajia jina, litafute katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka bure mtandaoni. Linganisha tarehe, cheo na kitengo, kijeshi au kiraia, na medali nyingine alizoziunganisha nayo. Hizo zenye majina ukingoni ndizo zinazobeba ushahidi. OBE inaweza kuwa imeongezwa jana ili kupandisha bei.

Nishani ya mwanamke huning'inia kwenye utepe uliofungwa fundo la kipepeo. Usilifungue.